E Moja Inatosha

Sogeeni hapa kitandani, wanangu, mmoja upande huu na mwingine upande ule, na mfunge hilo dirisha kwanza, maana sauti niliyobakiwa nayo ni ya kubana matumizi na sina ya kushindana na honi za barabarani. Msilie. Kulia kuna wakati wake na mtapata nafasi tele. Leo mimi nasema, nyinyi mnatega masikio, na atakayenikatiza nitamkata urithi, ingawa mnajua mali yenyewe ni hii nyumba inayovuja jikoni, cherehani yangu, gitaa la marehemu baba yenu, na wimbo.

Nyumba ni yenu wote wawili, na haiuzwi maadamu mmoja wenu hana pa kulala. Cherehani ni ya binti, kwa sababu kaka yake hajui hata kutunga uzi kwenye sindano. Gitaa ni lako, kaka mtu, na ulipige, usilitundike ukutani likawa pambo la wageni. Sidaiwi na mtu, na anayedhani ananidai aje mapema. Hayo ni mepesi. Zito ni wimbo, kwa sababu tangu watu wa televisheni waje kusema wanaitengeneza upya ile tamthilia ya zamani na wanautaka wimbo wake, nyinyi mliotoka tumbo moja mnapishana kwenye ukumbi wangu kama wapangaji, hamjuliani hali. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, lakini jirani zetu wamechukua viti wakakaa kutazama.

Hoja yako naijua, kaka mtu. Unasema baba aliandika “rudi ulee”, mama akaimba “rudi ule”, kosa likaenda hewani, na sasa wewe, fundi wa sauti, una kompyuta ya kuivuta sauti yangu mpaka e moja iwe mbili, ili baba apate haki yake huko kaburini. Na wewe binti umemjibu kwamba akiigusa utampeleka mahakamani. Mmeigombania sauti yangu wiki nzima, na mwenye sauti yuko chumba cha pili anakohoa, hakuna aliyekuja kumuuliza.

Basi sikilizeni ilivyokuwa. Tamthilia ile ilikuwa ya mwanamume aliyeaga anakwenda kazini akaacha mke na watoto moja kwa moja, na mwongozaji alitaka wimbo wa kuifungulia, wenye magitaa ya umeme na ngoma za kishindo, wa kuwatoa watu jikoni wakimbilie sebuleni. Baba yenu akauandika. Alikuwa bingwa, nani atabisha, na kiitikio chake kilimkaripia yule bwana: rudi, rudi, rudi ulee. Tuliurekodi kwenye stoo ya kituo, magodoro yamesimamishwa ukutani kuzuia mwangwi, na nyuma yangu mpiga ngoma tuliyemwita Radi, anazipiga utadhani zimemtukana. Nilipofika kwenye kiitikio nikaimba “ule”, nikafunga mdomo. Baba yenu akaruka juu: “E moja hiyo! Umemwita mtu kwenye sahani badala ya kumwita kwenye wajibu!” Radi akacheka mpaka fimbo zikamdondoka. Mwongozaji akasema tutarudia kesho, na hiyo kesho tamthilia ikaanza kuonyeshwa, wimbo ukatoka kama ulivyo.

Weee! Akina mama wakawa wanawaita watoto kutoka michezoni kwa kiitikio changu, muuza chakula wa pale kona akakiandika juu ya mlango wake, na baba yenu akaapa hatakula pale hata afe njaa. Harusini watu wakiimba, yeye anasimama juu ya kiti, “Ni ulee, jamani, ulee, e mbili!” na watu wanampigia makofi wakidhani ni sehemu ya burudani. Kila mtu alisema niliteleza, ngoma zilinikimbiza, pumzi ilinikatikia. Nikawaacha waseme. Sikuteleza, wanangu, na msidhani hapa natubu.

Nilipofumba macho mbele ya kile kipaza sauti sikumwona bwana wa tamthilia. Nilimwona baba yangu mzazi, aliyetuaga asubuhi nikiwa bado mtoto wa shule, asirudi, na mama yangu akazeeka akisema mume wake yuko kazini mbali, uongo ambao nami niliwarithisha nyinyi. Nikajiuliza, huyu mzee akiusikia wimbo huu huko aliko, akaambiwa arudi alee, atafanya nini? Ataongeza mwendo. Mtu aliyekimbia mzigo humwiti kwa kumtajia mzigo. Lakini njaa kila mtu anayo, na kuambiwa njoo ule hakumwaibishi mtu. Ile e ya pili nikaimeza kwa makusudi yangu.

Tamthilia haijafika mwisho, mtu akapiga hodi. Amekonda, kofia mkononi. Akasema, “Ni wewe unayeimba kwenye televisheni?” Nikasema ni mimi. “Umesema nije nile.” Nikamwambia, “Nimesema, baba. Pita ndani.” Nilikuwa na maneno ya kumchoma, niliyoyaweka tangu utotoni, nikayaacha humo humo kifuani nikapakua chakula. Alikula bila kuinua uso. Asubuhi yake sisi tunatakiwa kazini, yaya ametukimbia, na wewe kaka mtu, ndiyo kwanza unatambaa, unalia kama umechomwa sindano. Mzee akanyoosha mikono akasema, “Niachieni.”

Ndiye babu yako huyo. Ndiye aliyekuogesha, akakufundisha kufunga kamba za viatu, akakupeleka shule amekushika mkono, na siku tuliyomzika ulilia mpaka sauti ikakukauka. Mimi hakunilea, na iliniuma, inaniuma mpaka leo. Lakini wewe alikulea. Alikuja kula, akabaki kulea. Baba yenu nilimweleza yote, na tangu hapo ndani ya nyumba hii hakunisahihisha tena; huko nje aliendelea na kelele zake, maana mwanamume na fahari yake, nani amvue?

Kwa hiyo nasema hivi. Wimbo ni wa wote wawili, na hauendi popote mpaka wote wawili mkubali. Wapeni hao watu wa televisheni, na vijana waupigie magitaa yao mapya wakipenda, lakini sauti yangu isivutwe. Ngozi ivute ingali maji. Mimi nimekwisha kauka. Jina la baba yenu litangulie, yeye ndiye mtunzi. Na wewe binti, habari za mahakama ziishie kwenye chumba hiki. Ulinitetea, nakushukuru, ila kumshtaki nduguyo ni kunizika mara mbili.

Ngoja… nipe maji. Kidogo tu. Basi.

Kaka mtu, niahidi. Usinitikisie kichwa, sikuoni vizuri. Sema… Mh? Unalia badala ya kusema. Haya, mwanangu, lia, hilo nalo ni jibu, nimelisikia.

Leteni mikono. Yote. Radhi zangu mnazo, sikubakiza. Mungu awatangulie… awape riziki ya halali… na watu wa kuwapenda. Semeni amina.

Hapana. Kila mtu na yake siitaki. Pamoja, wanangu…

Eeh. Hivyo.