Masomo ya Kunyamaza

Kwenye benchi la kahawa la Mama Rehema, mkabala na kituo cha treni cha Kamina, kanuni ni moja: ukinywa, utoe maoni. Vita vilikuwa vimeadimisha treni, lakini asubuhi ile moja ilikuwa tayari kwenda Lubumbashi. Kapenda, aliyesimama kituoni na sanduku lake, alitaka kuipanda. Licence, shahada ya saikolojia, alikuwa nayo, ila bila mafunzo mengine chini ya mwalimu wake hangeruhusiwa kutibu mtu. Baba yake, mzee wa reli tuliyemwita Sinyali, hakuwa amekubali. Nasi, Mungu atusamehe, tukamsaidia kukataa.

— Ameisha kusoma sana! Sinyali alifoka. Sasa banamufundisha nini tena?

— Kusikiliza bantu wenye roho inauma, Rehema akajibu.

— Kusikiliza? Masikio alizaliwa nayo!

Feruzi muuza vitenge, ambaye hakosi methali, akakohoa:

— Asiyesikia la mukubwa anavunjika muguu. Njo ile: ataenda kufunga bantu plâtre ku muguu!

— Apana! akapinga Ismaili, jina la kijiweni Radio. Muntu ananyamaza, weye unasema yote. Ile iko kazi ya espion, mupelelezi! Kisha anasoma mpaka ndoto yako ya kesho.

— Kama ni kunyamaza, Sinyali akasema, hata minyi naweza. Bila diplôme.

Hapo akafika mama mmoja kutoka Base, kambi ya jeshi, beseni la mihogo kichwani. Alikaa pembeni, akaagiza kahawa, akaanza bila kuulizwa:

— Bwana yangu alirudia nyumba kutoka ku front ya vita. Mulango ikipiga tu, anaingia chini ya kitanda. Batoto banacheka. Minyi pia nilicheka, kisha...

— Mvumilivu hula mbivu! Feruzi akadakia.

— Balimutegea dawa, balimuroga! Radio akaruka.

— Mumupikie samaki ya mutoni, ya Mulongo, Sinyali akaamua, atapona!

Rehema akagonga birika kwa kijiko.

— Mama hajamaliza hata neno! Bote mumeanguka examen ya kusikiliza.

Niliona haya, maana hata mimi nilikuwa na dawa mdomoni.

— Basi, mama yule akauliza polepole, hapa Kamina nani atamusikiliza mpaka amalize?

Treni ikapiga honi. Sinyali akaacha kikombe kimejaa, jambo ambalo hatujawahi kuliona, akavuka barabara mbio.

— Kapenda! Lete valizi, nikubebee!

Feruzi akafungua mdomo, methali ikiwa tayari. Rehema akamtia andazi zima humo.

— Endelea, mama, akasema.