Kinu Kidogo cha Shangazi wa Kantini

Tarehe 30 Juni, Shangazi wa kantini anavua aproni baada ya kutulisha miaka ishirini na sita hapa kiwandani. Mimi mtunza stoo ndiye niliyemfundisha kuponda ndizi. Haya, msinitolee macho, ni uongo. Siku pekee niliyoshika mchi nilijiponda kidole, naye akacheka mpaka akakaa chini.

Shangazi tunamwita sote, hata mimi niliyemtangulia kuzaliwa. Alianza kama mfagiaji wa karakana ya viatu. Siku mpishi wa zamani alipougua, aliingia jikoni na kinu chake cha nyumbani, kifupi kama kigoda, akamenya ndizi mzuzu mbichi, akachemsha, akaponda. Zikatoka laini, zinavutika, zinashika mchuzi hauponyoki. Ufagio hakuugusa tena.

Tangu hapo tumekuwa tukijiuliza: anafanyaje? Dereva aliapa kwamba anatia siagi. Mhasibu alishikilia kuwa ni maji ya bomba letu. Mimi nilichungulia dirishani, miwani ikajaa mvuke, nikaondoka na njaa yangu. Ukimuuliza mwenyewe anakwambia, "Unaponda mpaka zikubali, basi." Tukadhani anatuficha. Wapi! Hata yeye alikuwa hajui.

Mwezi uliopita mambo yakaharibika. Mpishi mpya, bwana mmoja mrefu tunayemwita Mlingoti, alikuja na kinu kikubwa kinachong'aa, akamwaga humo sufuria nzima, akatwanga mpaka shati likalowa. Mabonge matupu! Fundi wa gundi alionja, akasema, "Hizi kaka, tuzipeleke kwenye soli." Meneja naye akatoa neno: zikitoka hivyo tena, ndizi za kuponda zinafutwa, tutakula wali kila siku mpaka nasi tustaafu.

Basi tukawasimamisha wapishi hao wawili bega kwa bega, kantini nzima imebanana mlangoni. Shangazi akaopoa ndizi mbili, akaponda, akaopoa nyingine mbili, sufuria ikiendelea kutokota motoni. Kinu chake hakibebi zaidi ya hapo. Cha Mlingoti kilibeba zote, na za chini zikapoa kabla mchi haujazifikia. Zikishapoa, zinagoma. Shangazi alishika kiuno: "Kumbe! Na miaka yote hii ninavyolilia kinu kikubwa!" Ofisi iliyomnyima kinu hicho sasa inajipigia makofi.

Mlingoti akajaribu mbili mbili kwenye kinu chake, zikawa zinamkimbia huku na huku, mchi unapiga kinu kitupu. Akaazima cha Shangazi. Meneja aliomba aongezewe.

Shangazi, asante kwa matumbo yetu yote uliyoyatuliza, hata ya wale waliokusengenya huku wanatafuna. Uendako ukalale mpaka jua likuchoke, wajukuu wakupikie wewe.

Ila nasikia kinu umeshakifunga kwenye kanga, unaondoka nacho. Ni chako, sikatai. Lakini nani alikuwa anakohoa mlangoni kila meneja alipokaribia, wewe umesinzia juu ya gunia la viazi? Sijawahi kukudai hata siku moja. Leo nadai: kifungue, dada yangu, utuachie mpaka Mlingoti apate wa kumchongea kingine kifupi kama hicho. Wali wa kila siku, mimi na meno haya, sitauweza.