Nilipomwogopa Mama Aliyenizaa

Wapendwa, amani iwe nanyi. Mukiniitikia, muitikie polepole, maana masikio yangu hayawezi kelele. Mukipiga makofi nitatoka nje, na ushuhuda mutaumaliziwa na mama yangu, ambaye akianza kuzungumza hakuna wa kumsimamisha. Cheka tu, mama, nimekusikia.

Tena nitaangalia miguu yenu, si nyuso. Si dharau. Ndivyo nilivyo.

Tangu utoto wangu, kule Kivu ya Kusini, nilikuwa mtu wa peke yangu. Sikupenda kushikwa. Nilizunguka fasi moja, pale pale, mpaka vumbi linapanda. Na chakula, ee, chakula! Sombe, yale majani ya muhogo, ikigusa ugali, siwezi kula. Mama akanipa sahani mbili, ugali peke yake, sombe peke yake. Majirani wakisema anadekeza mtoto, aliwajibu wajishughulishe na sahani zao. Tulipokimbia vita, tulibeba vitu vichache sana, na sahani zangu zilikuwamo.

Woga uliniingia nikiwa mwanamke mzima, tuko hapa Kashojwa, kambini kwa wakimbizi, tunalima mahindi na maharage. Ndugu zangu, nawaambia, haukuja kwa kishindo. Kwanza nilisikia mtu anataja jina langu nyuma ya nyumba. Nikatoka, hakuna mtu. Kisha sauti ile ikaanza kuniambia kwamba mama anatia kitu ndani ya chungu. Nikawa namchunga akipika. Alipokoroga, niliona ananikorogea kifo. Njaa ilikuwa inaniuma, lakini woga uliuma kupita njaa.

Nikaacha kula. Sasa mama, masikini, akafikiri ni ile shida yangu ya zamani. Akaongeza sahani ya tatu, ya maharage peke yake. Halafu nyingine, ya ndizi.

“Mutoto wangu, angalia,” akaniambia, “hakuna kitu inagusa ingine. Kula sasa.”

Yeye alikuwa anaona sahani nyingi. Mimi nilikuwa naona sumu nyingi.

Siku moja nikalisema wazi, kwenye bomba la maji, mbele ya wamama. Munajua kwetu, mtu akisema sumu hakuna anayecheka. Kuanzia siku ile wamama wakawa wanashika watoto wao mkono wakipita mlangoni kwetu. Hakuna aliyekunywa tena chai kwa mama yangu. Mimi nilikuwa naisha mwili, na yeye alikuwa anaisha jina, na wote wawili tulikuwa ndani ya nyumba moja tunaogopana.

Wengine walisema ni pepo. Nikapelekwa maombini. Sisemi vibaya juu ya maombi, mimi mwenyewe naomba kila siku. Lakini munajua vile tunaomba sisi: wote kwa mara moja, kwa sauti, na mikono mingi juu ya kichwa cha mgonjwa. Kwangu mimi ile ni kama kumwagiwa maji ya moto. Nikapiga makelele. Wakasema pepo anatoka, wakaongeza sauti. Na mimi nikaongeza makelele. Tuliendelea hivyo mpaka nikazimia, na watu wakarudi kwao wakishangilia. Nilipoamka, sauti ile nilikuwa bado naisikia.

Mwisho mama akanipeleka hospitali, Mbarara. Pale watu walikuwa wengi, mtoto analia, mlango wa chuma unafungwa na kufunguliwa. Sauti ikaniambia: umeletwa hapa umalizwe. Nikatoka mbio. Sijui nilipita wapi. Boda boda zilinipigia honi pande zote. Nilifika mtaa wa Kakoba, nikaingia ndani ya ua wa kwanza uliokuwa wazi, nikajibanza kando ya tangi la maji. Nilipoinua kichwa, mbele yangu kwenye kamba ilikuwa sare ya jeshi, inakauka.

Ninyi munajua tulikimbia nini. Nilijikojolea pale pale.

Akatoka mwanamke, Mganda, mke wa mwanajeshi. Nilingoja aite watu. Hakuita. Aliingia akazima redio, akarudi akaondoa ile sare kwenye kamba. Kisha akakaa chini, mbali kidogo, akaangalia upande mwingine.

“Mimi hapana shika wewe,” akasema. “Geti iko wazi. Ukitaka kwenda, enda. Ukitaka kukaa, kaa.”

Nikakaa. Baada ya muda mrefu nikamwambia, “Mama yangu anataka kuniua.”

Hakunibishia, wala hakusema pole. Aliuliza tu, “Mama iko na simu?” Namba nilikuwa nayo kichwani, nikaitaja.

Mama akaja na boda, analia, akataka kunikumbatia. Yule mwanamke akamzuia.

“Mama, ngoja. Hapana gusa yeye. Kwanza ambia mimi: gani alizaliwa nayo, na gani imekuja juzi? Mtoto yangu pia iko hivi. Sisi tulichanganya yote, miaka mingi ikapotea.”

Mama akafuta uso. “Kushikwa, hapendake tangu alizaliwa. Mambo ya sahani, alizaliwa nayo. Lakini kuniogopa mimi...” Akanigeukia. “Kuniogopa mimi, hapana. Ile si yake.”

Nilisikia neno lile nikiwa bado nimejikunja kando ya tangi. Si yake. Basi ni kitu kimenijia, na kilichonijia kinaweza kuondoka. Nilikuwa bado naogopa sana. Lakini nilisimama.

Yule mwanamke akatusindikiza hospitali. Mama akarudia maneno yale mbele ya daktari, na daktari akaacha kuandika, akamsikiliza. Akatuambia niko na mambo mawili. Moja ni usonji, ndivyo nilivyozaliwa, na huo si wa kuponywa. La pili ni ugonjwa wa akili, na huo uko na dawa. Dawa zenyewe mwanzoni zilinilaza, wenzangu wanapanda maharage mimi nakoroma. Wakazipunguza. Sauti haikwisha yote, ila ilishuka, na mimi nikaanza kula.

Namshukuru Mungu. Namshukuru yule mama wa Kakoba, na muuguzi wa hapa kwetu, ambaye ananiita mapema kabla watu hawajajaa. Nashukuru ninyi muliokubali kuniombea kimya kimya, hata kama najua kunyamaza kunawatesa.

Somo langu ni dogo. Mukiwa na mtu kama mimi nyumbani, musiseme “ndivyo alivyo tu,” wala musiseme “ni pepo tu.” Mutafute kipi ni chake na kipi kimemjia. Na wewe unayeogopa, mwambie yule yule unayemwogopa. Ni vigumu, najua.

Sitawadanganya kwamba nimepona kabisa. Leo asubuhi nilikuwa navaa viatu, mama akasimama nyuma yangu, moyo ukaruka. Nikamwambia, “Mama, leo ninakuogopa.”

Hakulia. Akaniuliza, “Kupita juzi?”

“Hapana. Kidogo.”

Akafunga kitambaa chake kichwani, akafungua mlango.

“Basi mimi nitatembea mbele,” akasema, “ili unione.”

Ndivyo tulivyokuja mpaka hapa.