Gari Lililojipiga Picha

Benchi lenyewe halikuwekwa pale kwa ajili ya porojo. Fundi wa picha, ambaye mtaa mzima unamwita Usicheke kwa kuwa ndilo neno analowaambia wateja kabla ya kubonyeza, alilipigilia misumari kwa mkono wake ili watu wakae wakisubiri zamu. Zamu zikaisha. Kila mtu akapata simu yenye jicho, na benchi likahamiwa na waungwana wasio na haraka: Breki, dereva mstaafu wa lori, Fomu, aliyekuwa karani na bado anatembea na kalamu mbili mfukoni, na muuza kahawa wanayemwita Shemeji, ingawa si shemeji wa yeyote kati yao. Jioni hiyo Usicheke alikaa nao, kikombe mkononi, roho haipo. Binti yake aliolewa mbali, na huu ni mwaka wa sita hajakanyaga nyumbani. Asubuhi alikuwa ameandika: “Baba, mwanangu ameambiwa kesho aende darasani na picha ya babu yake. Nitumie leo. Hajawahi kukuona.” Usicheke akapekua makabati yote. Mtaa mzima umo, mpaka waliokwisha kuzikwa. Yeye hayumo. Akatega kamera ijibonyeze yenyewe, akakimbilia kigodani, mara kumi na nne. Zote kumi na nne ametoka kama mtu anayekagua mashine mbovu. Amwombe mtu wa benchi ampige? Hawa hawa aliowaambia juzi kwamba simu zao hazipigi picha, zinachungulia? Afadhali ameze kamera.

Fomu akawasogezea simu yake.

— Tazameni. Hili ndilo lile gari lisilo na dereva, lililopelekwa kwenye sayari ya Mirihi. Picha yake hiyo.

— Lete hapa, Breki akasema, akaitazama kama anavyotazama tairi. — Magurudumu sita, vumbi jekundu, mawe. Aa, hapa napajua. Haya ni machimbo ya kokoto. Nimepakia hapa.

— Umepakia Mirihi?

— Nasema ni machimbo! Na kama kweli liko huko peke yake, kalipiga picha nani? Si mnaliona lote, toka kichwa hadi magurudumu? Kuna mtu kasimama mbele yake. Mnafichwa.

— Mtu atavuta hewa gani kule? Fomu akauliza.

— Anabana pumzi.

Shemeji akacheka mpaka vikombe vikagongana.

— Anabana miezi mingapi, shemeji yangu?

— Si mtu mmoja. Wanapokezana.

Fomu akakohoa kikarani.

— Mimi naona hivi. Yako magari mawili. Moja linapiga, jingine linapigwa. Hilo la pili hawakuliandikisha, ndiyo maana halisemwi.

— Na hilo la pili likitaka picha yake?

— Linapigwa na la tatu.

— Basi kule kuna foleni, Shemeji akasema.

— Na penye foleni pana trafiki! Breki akadakia, akapiga paja. — Ndiye huyo kapiga picha. Anachukua namba za gari. Nimeendesha miaka thelathini, trafiki nawajua, hawashindwi kufika mahali.

Usicheke alikuwa amejizuia tangu kikombe cha kwanza. Akashindwa.

— Nyamazeni! Watu wazima, mvi mpaka masikioni, mnabishana upuuzi. Gari lina mkono. Kwenye mkono kuna kamera. Linaunyoosha, linapiga kipande. Linausogeza, linapiga kingine. Vipande hamsini, sitini. Watu huku chini wanaviunga, mkono wanauacha nje. Ndiyo maana unadhani limepigwa na mtu. Hakuna mtu. Hakuna hata mmoja!

— Sasa mbona unafoka? Breki akauliza. — Gari la watu limekukosea nini?

— Sifoki!

— Hufoki, mishipa imejisimamia yenyewe. Na picha nzuri, wewe fundi ungeisifu.

— Nzuri wapi? Usicheke akainyakua simu, akaisogeza karibu na uso. — Ona kichwa chake. Kimeelekea kwenye kamera, lakini hakimtazami mtu. Linajikagua. Aliyepigwa picha na mwenzake hakai hivi.

Hakuna aliyemtania. Sauti yake ilikuwa imeshuka ghafla, na wote waliizoea ikiwa juu. Akamtazama Breki. Neno likamfika kwenye meno.

— Breki...

— Sema.

— Sogea. Umenikalia shati.

Wakati huo akatokea mwanamke mwenye sare ya wafanya usafi, ndoo mkononi.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba.

— Naulizia fundi wa picha. Kazini wanataka picha ya kitambulisho. Nimepeleka ya simu, wameikataa.

Siku nyingine Usicheke angesimama juu ya benchi atangaze mtaa mzima usikie. Leo alisema tu:

— Kaa, mwanangu. Nimalizie kahawa.

Shemeji akammiminia mgeni kikombe, kikaishia nusu. Mwanamke akaichungulia simu ya Fomu, akauliza ni nini. Fomu akamweleza: sayari, gari, safari ndefu, picha. Safari hii bila trafiki.

— Maskini, mwanamke akasema. — Na kazi ikiisha, linarudi lini?

Fomu akachomoa kalamu, akaitazama, akairudisha mfukoni. Usicheke alijua mkono unavyonyooshwa na vipande vinavyoungwa, alijisomea mwenyewe bila mwalimu. Hilo hakuwahi kulifikiria. Shemeji akatikisa birika. Tupu. Akaanza kukusanya vikombe, na Breki na Fomu wakainuka bila kuagana vizuri.

— Twende ndani, Usicheke akamwambia mgeni.

Akamkalisha kwenye kigoda, mbele ya kitambaa cheupe. Kidevu juu kidogo. Bega la kulia chini. Usicheke. Akabonyeza, kazi ikaisha. Lakini akabaki ameishika kamera kwenye miguu yake mitatu.

— Mwanangu, una haraka?

— Si sana.

— Naomba usimame hapa nilipo. Kidole hapa. Mimi nakwenda kukaa pale.

Mwanamke akasimama pale, kidole mahali pake. Usicheke akakaa. Kigoda kilikuwa bado na joto la mtu. Mikono hakujua aiweke wapi, yeye aliyewawekea watu mikono miaka yote.

— Baba, nitazame mimi. Achana na hiyo kamera.

Akamtazama. Kamera ikalia.

— Umetoka vizuri. Ni ya nani?

— Ya mjukuu.

— Atafurahi kumwona babu yake.

— Aanze kwanza kunijua, Usicheke akasema.

Akaihamishia simuni, akamtumia binti yake. Jibu halikuchelewa: “Asante baba. Imefika.” Akangoja kama kuna lingine. Kisha mashine ikatoa picha za mwanamke, nne, kama inavyotoa siku zote. Akazikata, akazitia kwenye bahasha, mwanamke akachukua ndoo yake akaenda. Nyuma yake mashine ikanguruma tena. Mkono wa Usicheke ulikuwa umeagiza kwa mazoea: mzee mmoja, mara nne, na mara zote nne anamtazama mtu.

Nje benchi lilikuwa tupu. Akazikata taratibu, kingo sawasawa, akazitia kwenye bahasha na juu yake akaandika jina la binti yake. Akaiweka ndani ya boksi la kaunta lenye picha ambazo wenyewe hawajaja kuzichukua, akavuta mlango.