Spika Akataa Dawa ya Homa

Pale Makutano, Meru, kati ya duka la madawa ya mifugo na jiko la kahawa la Karwirwa, kuna benchi moja refu ambalo limeshatatua shida zote za Kenya isipokuwa za wale wanaolikalia. Ijumaa hiyo benchi lilikuwa na shida yake lenyewe. Gikunda, anayeitwa Spika kwa sababu hakuna wa kumshinda kwa maneno kutoka hapo hadi Kiirua, alikuwa ameamka bila sauti. Pua imeziba, koo linawasha, na akijaribu kusema unasikia upepo tu. Siku nyingine benchi lingefurahia kupumzika. Lakini kesho yake Spika ndiye alikuwa msemaji wa kijana wao Kiunga, wakienda Runyenjes kuzungumza mahari ya mchumba wake, Wawira, na wazee wa Embu hawaombwi msichana kwa ishara za mikono.

— Meza hizi mbili, alisema Mbaka, mwenye duka la madawa ya mifugo, ambaye jina lake la benchi ni Agroveti. Nimetuma mtu kwa kemisti. Hizi ni za homa, na hii chupa ni ya kifua. Unameza, unashushia na kahawa, jioni unaongoza kwaya.

Spika akatikisa kichwa.

— Ati hutaki?

Akatikisa tena.

Ukweli ni kwamba alizitamani tembe zile kuliko chakula. Lakini kila jioni, mkewe Cicily akishaondoa vyombo, Gikunda humeza dawa nyingine. Huu ulikuwa mwaka wa pili tangu kliniki imweleze kwamba ule uzito wa kushindwa kuamka, kuoga na hata kukama ni ugonjwa, una jina na una dawa. Dawa hiyo ilimrudishia usingizi, shamba na mdomo wake. Ilikuja na onyo moja: usijinunulie dawa za homa na kifua bila kutuuliza, kwa sababu nyingine zinagombana na hii. Cicily alijua. Benchi halikujua, na Gikunda aliliogopa. Lilikuwa limempa jina kila mtu. Je, mtu wa dawa za kichwa lingemwita nani? Na Kiunga, aliyefiwa na baba akiwa darasa la tano, angekubali kweli kuombewa mke na mtu kama huyo?

Basi akanyamaza. Na mtu wa maneno akinyamaza, wengine humsaidia kusema.

— Mimi najua, alisema Kirimi, mwenye pikipiki, anayeitwa Wasap kwa kuwa elimu yake yote ameipata kwa simu. Ameingia lile kanisa la kukataa dawa.

— Spika? Huyu husinzia hata kwenye ubatizo wa watoto wake!

— Angalia dalili, baite. Miraa aliacha. Pombe akaacha. Leo ameacha dawa. Kesho ataacha kahawa.

— Hapo kwa kahawa tutakosana, alisema Karwirwa, akimjazia Spika kikombe.

— Si kanisa, alisema Agroveti. Ni uoga. Ng'ombe akikataa dawa huwa simbembelezi. Namwinua kichwa, nafinya hapa kooni, inateremka yenyewe.

Akasimama kuonyesha. Spika akasogea hadi mwisho wa benchi, akabaki na nusu ya makalio hewani.

— Mzee Mbaka, tafadhali, alisema Kiunga. Usimfinye msemaji wangu. Ndiye nimebaki naye.

— Labda anaogopa zitampanda kichwani, alisema Wasap. Mnakumbuka ile harambee ya Kiirua?

Benchi zima likaangua kicheko. Nani angesahau? Spika alikuwa emsii. Alipanda jukwaani anatetemeka, shati limelowa jasho, akamkaribisha chifu kama bibi harusi, halafu akawaombea wageni wote wapumzike kwa amani.

— Hiyo siku alikuwa amelewa chakari!

— Chifu mpaka leo anatafuta harusi yake!

Spika alicheka nao bila sauti. Hakuwa ameonja hata tone siku hiyo. Alikuwa na kikohozi, akalipuuza lile onyo, akanunua dawa ya kifua dukani, akainywa juu ya ile yake ya jioni, na moyo ukaanza kwenda mbio kama unataka kutoka nje. Kliniki walimwambia baadaye dawa mbili hizo ziligongana, na ana bahati yuko hai. Lakini mlevi husamehewa Jumatatu, kwa hiyo Gikunda aliuchukua ulevi ambao haukuwa wake, akauvaa.

— Sasa nimeelewa! Wasap aliruka kutoka benchi. Jamaa amenunuliwa!

— Amenunuliwa na nani?

— Watu wa Runyenjes! Fikirieni. Msemaji akikosa sauti, nani atapunguza mbuzi? Wanataja bei, sisi tunakohoa tu. Wamempatia gunia la muguka, ile miraa yao ya Embu, akae bila sauti mpaka Jumapili.

— Mmeru akubali muguka? alishangaa Agroveti. Hiyo sasa ni dhambi mbili.

Wakacheka tena, wote isipokuwa Kiunga. Kijana alikuwa amemgeukia Spika, na uso wake haukuwa na mzaha.

— Baba Kinya, alisema polepole. Kama hutaki kwenda, niambie tu. Sitakasirika.

Maneno hayo yalimchoma Gikunda kuliko koo lake. Aliona afadhali moyo uende mbio kuliko kijana huyu kulala akifikiri ameachwa mara ya pili. Akanyoosha mkono, akazichukua tembe mbili kutoka kiganjani mwa Agroveti.

— Ndio huyo! Benchi likapiga makofi.

— Hamjambo wazee? Kwani leo kuna sherehe bila mimi?

Alikuwa Wawira mwenyewe, ametoka kwa fundi na gauni lake la kesho begani. Wakamweleza wote kwa pamoja: kanisa, uoga, ng'ombe, Kiirua, muguka. Alisikiliza mpaka wakaishiwa na pumzi, kisha akamwangalia mzee aliyeshika tembe bila kuzimeza.

— Na yeye mwenyewe mmemuuliza ni kwa nini hataki?

Agroveti akamwangalia Wasap. Wasap akafungua simu yake, akaifunga. Kiunga akainama.

Gikunda akaziweka tembe kwenye benchi. Akawaita kwa kidole, nao wakasogeza vichwa karibu, maana sauti ilikuwa ya kunong'ona.

— Niko na dawa ingine. Ya kichwa, ya akili. Nameza kila jioni, mwaka wa pili sasa. Hizi zikikutana nayo zinaweza kuniua. Kiirua sikuwa nimelewa. Ni dawa ya kifua ilinifanya vile.

Akamgeukia Kiunga.

— Kama utatafuta msemaji mwingine, nitaelewa.

Agroveti alizoa zile tembe na ile chupa, akavitia mfukoni mwake haraka kama mtu aliyekutwa na bunduki.

— Na mimi nilitaka kukufinya koo, alisema. Ngai! Ungenifia mkononi, Spika.

— Sisi tumecheka hiyo Kiirua mwaka mzima, alisema Wasap. Pole, mzee. Pole kabisa. Sasa si uache hiyo ya jioni siku mbili, umeze hizi, halafu—

— Wewe usimtibu na simu! alifoka Wawira. Baba Kinya, nambari ya kliniki unayo? Tuulize wenyewe.

Gikunda akapiga, akanong'ona, "Sista Ntinyari, ni Gikunda. Niko na marafiki, ongea tu wasikie," kisha akaiweka simu kwa sauti ya juu. Yaliyobaki alisemewa na Agroveti, ambaye hajawahi kuongea kwa adabu namna ile hata na mkaguzi wa duka lake. Sista akauliza kila dawa iliyoletwa, akasema zirudishwe zote. Dawa ya jioni Gikunda asiiache hata siku moja. Paracetamol tupu, isiyochanganywa na kitu, anaweza kumeza. Avute mvuke, anywe maji moto na asali, apumzishe sauti. Akizidiwa aje.

— Asali tutatoa wapi saa hii? aliuliza Wasap.

Wakatazamana. Asali ilikuwapo. Ilikuwa dukani kwa Agroveti, mtungi mzima, umefungwa kwa kitambaa kipya, ya kupelekewa wazee wa Runyenjes.

— Hapana, alisema Agroveti. Hiyo ni ya mahari. Haifunguliwi njiani.

— Ni ya nani? aliuliza Wawira.

— Ni ya... ni ya baba yako.

— Kwa sababu ya nani?

Agroveti akamwangalia Kiunga. Kiunga alikuwa ameshasimama. Aliingia dukani, akatoka na mtungi, akafungua kitambaa mbele ya watu wote wa Makutano. Karwirwa akaleta maji moto. Kijana akakoroga mwenyewe, akamshikia Gikunda kikombe kwa mikono miwili.

— Kunywa, Baba Kinya. Sina msemaji mwingine na sitafuti.

Gikunda alikunywa. Machozi yalimtoka, akasingizia mvuke, na hakuna aliyembishia. Alikuwa na furaha ambayo hata angekuwa na sauti asingeweza kuisema.

— Kunywa yote, alisema Wawira. Baba yangu akiuliza mtungi kwa nini umepungua, mwambieni nimeanza kula mahari yangu mwenyewe, na wa kwanza kumlisha ni huyu msemaji wenu.