Miguu Iliyohamia Basotu

Wewe, gari la wagonjwa likiugua, hubebwa na nani? Usinijibu haraka. Njoo kwanza Dongobesh, kona ya gereji ya Hermani, asubuhi ya baridi ya makoti mawili, ulione gari jeupe la zahanati, ile Land Cruiser iitwayo mkonga kwa bomba lake la hewa, limekalishwa juu ya mawe, tairi la mbele limelala pembeni. Kando yake kuna benchi, na kwenye benchi wapo wanaojua kila kitu. Yupo Gidabuday, dalali wa ng'ombe, aitwaye Daktari kwa kuwa akimchungulia ng'ombe mdomoni anakuambia mpaka tabia za mwenye ng'ombe. Yupo Agustino, jina la kijiweni Bunge; hoja haijawahi kumwishia mdomoni. Yupo fundi Hermani, leo amekuwa bubu. Na yupo Basili, Digrii, mhandisi wa mitambo aliyehitimu, anayewatukana wakubwa kwa lugha mbili kuanzia kikombe cha kwanza hadi cha mwisho. Mzee Abdulrahmani anamimina kahawa. Sheria ya benchi hili ni moja: aliyelipia birika hasemwi vibaya mpaka birika liishe. Na birika la leo, kama la jana na la juzi, limelipiwa na Bosi Hilary, msimamizi wa magari ya zahanati.

Digrii alijua kwa nini. Wote walijua. Jumamosi zililetwa beringi mpya na stabu mpya, vile vyuma vinavyotokeza kwenye ekseli na kubeba tairi, zifungwe kwenye gari la zahanati. Bosi Hilary akafika na mkonga wake binafsi, matairi yanaunguruma kama mashine ya kusaga. "Fungeni kwangu kwanza," akasema. "La zahanati liwekeeni hivi vyangu, bado vinatembea." Benchi zima likainuka kusaidia. Daktari alisukuma jeki. Bunge alishika mataulo ya grisi. Digrii aliingia uvunguni na tochi ya simu, akaiona stabu ya zamani ya Bosi imelika, beringi inacheza juu yake kama pete ya kuazima, na kinywa chake kilichosoma kikasema, "It's within tolerance," yaani bado inavumilika. Bosi akaenda Basotu kwenye shamba lake la ngano. Kahawa ikaanza kuja.

Leo mjadala ni kwa nini tairi la zahanati lilitaka kuchomoka kwenye mteremko wa Maretadu.

— Ni barabara, alianza Bunge. Ile barabara ina makorongo. Haba na haba hujaza kibaba. Korongo na korongo huvunja beringi.

— Barabara gani? alidakia Daktari. Mbona ng'ombe wangu wanaipita na hawachomoki miguu? Hili gari lina kwato mbovu tangu kuzaliwa. Mimi nikilitazama taa za mbele naona kabisa, limezaliwa kabla ya miezi yake.

— Gari halizaliwi, Daktari.

— Sasa linatoka wapi? Linaota?

— Mnasahau baridi, alisema Bunge, sauti ikipanda. Baridi ya huku inagandisha grisi. Grisi ikiganda, beringi inakosa pumzi. Inakufa kwa nimonia!

— Grisi ina mapafu?

— Kama gari linazaliwa, kwa nini grisi isiwe na mapafu?

Wakacheka. Hermani hakucheka. Alikuwa anaifuta ile stabu kwa kitambaa, tena na tena, ingawa ilikuwa imeshatakata.

— Digrii, toa sayansi basi, alichokoza Daktari. Au ile sayansi uliimaliza Jumamosi?

Digrii alihisi masikio yanawaka.

— Technically, alisema, kuna kitu kinaitwa metal fatigue. Chuma kinachoka. Kama graduate. Unakipandisha, unakishusha, unakizungusha bila ajira, one day kinasema basi.

Hata yeye alijisikia anavyonuka uongo. Akameza kahawa, ilikuwa tamu, na hilo ndilo lililomuuma.

— Vyovyote vile, Bunge akahitimisha, mwenda pole hajikwai. Gari lililosimama ndiyo halijikwai kabisa. Limepona hilo!

— Tena wahenga walisema asiye na mwana aeleke jiwe, Daktari akaongeza. Tazama, limeeleka mawe manne. Uzazi gani tena mnaoutaka?

Kicheko kilikuwa bado midomoni bodaboda iliposimama. Aliteremka mama mmoja, shuka begani, vumbi mpaka kwenye kope.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama.

— Naitwa Genoveva, natoka Maretadu. Wifi yangu Bernadina ameshikwa na uchungu tangu jana jioni, mtoto amekaa vibaya. Nesi amesema lazima afike hospitali, na kwenye bodaboda hawezi kukaa. Zahanati wameniambia gari liko kwa fundi.

Akaliangalia gari juu ya mawe. Akamwangalia Hermani mwenye chuma mkononi.

— Si walisema vyuma vipya vililetwa wiki iliyopita? Mlivifunga wapi?

Bunge, ambaye hajawahi kukosa hoja, alitazama viatu vyake. Daktari akakohoa pasipo kikohozi. Hermani akaificha stabu nyuma ya mgongo kama mwizi wa mahindi. Mama Genoveva akawapitia mmoja mmoja kwa macho, akingoja, kwa adabu, kama watu wanavyowangoja wazee wamalize kufikiri.

Digrii alitazama birika. Lilikuwa bado zito. Miaka yote ile ya kuwatukana walaji, na bei yake ilikuwa kikombe.

Akasimama, akamnyang'anya mzee Abdulrahmani birika na kuligeuza juu chini. Kahawa ikamwagika vumbini, ikatoa mvuke.

— Limeisha, alisema.

— Limeisha, alijibu mzee Abdulrahmani taratibu, kama aliyekuwa akingoja mtu afanye hivyo.

— Mama, tulivifunga kwenye gari la Bosi. Jeki tuliinua sisi. Hivi vibovu tukawapa ninyi.

Mama Genoveva hakutukana. Heri angetukana. Alijifunga shuka upya, akauliza:

— Sasa Bernadina nimwambie nini?

Daktari alikuwa tayari na simu sikioni, akimpigia dereva wa gari la ng'ombe.

— Oya, shusha hao ng'ombe, hapohapo. Osha gari. Nimesema osha! Tandika majani mapya, magodoro, kila kitu, nenda Maretadu sasa hivi.

Aliposema "majani" alishindwa kumtazama yule mama.

Digrii naye akapiga simu, akaweka sauti kubwa ili kijiwe kizima kisikie. Iliita sana.

— Digrii! ilicheka sauti kutoka Basotu, upepo wa mashambani ukivuma nyuma yake. Vipi, kahawa imefika?

— Imefika, Bosi, na imemwagwa. Kuna mama Maretadu anakwenda kujifungua ndani ya gari la ng'ombe, kwa sababu miguu ya gari lake iko chini ya gari lako. Irudishe leo. Usimtume dereva. Njoo wewe, uinue jeki kwa mikono yako, mchana, mbele ya watu, kama sisi tulivyokuinulia.