Mama Kampire na Ng'ombe Watatu Waitwao Gaju

Baada ya miaka ishirini na minane ya kazi, Mama Chantal Kampire anastaafu tarehe 30 Juni kutoka ofisi ya chanjo ya mifugo ya ushirika wetu hapa Mushaki. Alianza kama karani wa daftari la ng'ombe, anaondoka akiwa mkaguzi wa programu ya kompyuta. Anayeandika haya ni Patient Munyakazi, mtungaji wa programu hiyo, ambaye Mama Chantal amemrudishia kazi yake mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote hapa.

Kompyuta ilimkuta ana miaka hamsini. Hakuiogopa. Kila kosa nililorekebisha aliliandikia ukurasa wake daftarini, na kila toleo jipya alilijaribu kwa makosa ya kurasa zote tangu ule wa kwanza, hata kama nimebadilisha rangi ya kitufe tu. Nilimwona msumbufu.

Mwaka 2021 nilileta toleo la kuzuia ng'ombe mmoja asiandikwe mara mbili: mwenye mali mmoja, jina moja, basi ni ng'ombe mmoja. Nililijaribu kwa ng'ombe wangu wa kubuni, Moja, Mbili na Tatu, likapita. Wachanjaji walikuwa waondoke kesho yake. Mama Chantal akaingiza ng'ombe wa kweli wa Mama Nyiransengimana, mjane mwenye ng'ombe watatu wa kahawia. Kwetu ng'ombe huitwa kwa rangi yake, kwa hiyo wote watatu ni Gaju. Programu ikaonyesha mmoja. Huyo akichanjwa, wenzake nao wangehesabiwa wamechanjwa.

"Patient, programu yako iko na Gaju moja," akaniambia, akikataa kutia saini. "Ule mama iko na tatu, na kila moja iko na shingo yake ya sindano. Siwezi kuweka sinyatire."

Safari ikaahirishwa siku mbili ili nirekebishe. Mkuu wa ofisi akafoka, nami nikanuna wiki nzima. Tulipohesabu, ng'ombe 214 wangerukwa. Mwezi uliofuata kimeta, ugonjwa ule ule tuliokuwa tukiuchanjia, kikaua mifugo kwenye vilima vya jirani. Gaju wote watatu wakabaki wazima, na mjane yule bado anauza maziwa.

Mama Chantal, asante kwa kila toleo ulilonirudishia. Tunakutakia mapumziko marefu, na maziwa yasikauke nyumbani kwako. Tena, kwa siku zile nilizopita mlangoni pako bila kukusalimu, sijawahi kukuomba radhi. Nakuomba leo, mbele ya wafanyakazi wote.